Taa ya darini, usalama wake huanzia ardhini

Makobola, Fizi. Nyumba ikishaezekwa na kupigwa lipu, kitu cha mwisho kuingia sebuleni mara nyingi ni taa. Siku hizi wengi hawataki tena balbu tupu iliyofungwa kwenye waya. Wanataka taa ya kuning'inia: mnyororo wa chuma, matawi matatu au matano, rangi ya dhahabu, iliyonunuliwa Uvira au iliyovuka Ziwa Tanganyika kutoka Kigoma. Fundi hupanda ngazi, hufunga ndoano kwenye mbao ya paa, huunganisha nyaya mbili na kushuka. Taa inawaka, watoto wanashangilia, fundi analipwa.

Waya wa tatu, wenye rangi ya kijani na njano, umebaki umekunjwa ndani ya kifuniko cha taa au umekatwa kabisa. Hakuna anayeuulizia, kwa sababu taa inawaka bila huo.

Huo ndio waya wa ardhi. Mafundi waliojifunza kwa Kifaransa huuita "tere", na wale waliojifunzia ng'ambo ya ziwa, Tanzania, huuita "ethi". Kazi yake si kuwasha taa. Kazi yake ni kumlinda mtu siku taa itakapoharibika, ili chuma chake kisimuue anayekigusa.

Wakongo wengi wanaikumbuka Februari 2, 2022, siku waya wa umeme mkubwa ulipoanguka kwenye soko la Matadi-Kibala jijini Kinshasa na kuua watu 26. Ajali ile ilitangazwa duniani kote. Ajali ya taa ya nyumbani haina kelele kama hiyo. Humpata mtu mmoja, akiwa peku, akibadilisha balbu au akifuta vumbi.

Hatari iliyoingia kupitia betri

Mji wa Uvira hupata umeme wa Mto Ruzizi. Kituo cha kwanza cha mto huo kilianza kazi mwishoni mwa miaka ya 1950, na cha pili, kinachomilikiwa kwa pamoja na Kongo, Rwanda na Burundi, kilianza mwaka 1989. Lakini ukishika barabara ya kusini kuelekea Baraka, familia nyingi hutegemea paneli za sola, betri na jenereta.

Kwa miaka mingi hali hiyo ilikuwa na kinga yake. Taa ya sola ya volti 12 haimrushi mtu hata akishika waya wake kwa mkono mkavu. Hatari yake kubwa ni moto, pale nyaya nyembamba zinapofungwa moja kwa moja kwenye betri bila fyuzi. Kwa mfumo huo mdogo, taa haihitaji waya wa ardhi ili isimpige mtu.

Mambo hubadilika siku familia inaponunua kigeuza umeme, kile ambacho mafundi wa Kongo hukiita konvertisa. Kifaa hicho huchukua volti 12 za betri na kutoa volti 220, ili televisheni iwake na mashine ya kunyolea ifanye kazi. Kuanzia hapo nyumba ya kijijini ina umeme wenye nguvu ileile ya mjini. Ndivyo ilivyo pia kwa jenereta, hasa pale mtu mmoja mwenye jenereta anapovuta nyaya na kuwauzia umeme majirani saa za jioni.

Tatizo ni kwamba mazoea hayabadiliki kwa kasi hiyo. Fundi aliyezoea kufunga taa za volti 12 kwa nyaya mbili huendelea na nyaya mbili. Mwenye nyumba aliyezoea kugusa waya bila kudhurika huendelea kugusa.

Jinsi chuma kinavyopata umeme

Taa ya kuning'inia ina udhaifu ambao taa iliyobanwa darini haina: inatikisika. Upepo unapoingia dirishani inayumba. Watoto wanapocheza na mpira ndani inayumba. Waya wake hupita kwenye tundu la chuma juu, hushuka ukizungukwa na mnyororo, kisha huingia kwenye tundu jingine chini. Kila taa inapoyumba, ngozi ya waya husuguana na ukingo wa chuma. Balbu za zamani zinazotoa joto kali huongeza tatizo, kwa kuwa joto hukausha ngozi ya waya hadi ikapasuka.

Siku ngozi hiyo inapokatika, waya wenye umeme hugusa mwili wa taa. Hapo hakuna cheche wala harufu ya kuungua, na taa inaendelea kuwaka kama jana. Lakini mnyororo, matawi na kifuniko vyote sasa vina volti 220, vinamsubiri mtu.

Mwili wa binadamu wenye ngozi yenye unyevu huweza kuwa na ukinzani wa takriban omu 1,000. Kwa volti 220, umeme unaopita ni miliampia 220. Miliampia 30 hivi, zikiendelea kupita, zinatosha kukaza misuli, kubana pumzi na kuhatarisha mapigo ya moyo. Kwa kulinganisha, balbu moja ya LED ya wati 10 hutumia takriban miliampia 45. Yaani umeme unaotosha kuwasha balbu ndogo ya chumbani unatosha pia kuua.

Katika nyumba za mabati kuna hatari nyingine juu ya dari. Nyaya hulazwa kwenye mbao za paa, na msumari mmoja uliopigwa vibaya unaweza kutoboa waya na kugusa bati. Bati moja likipata umeme, paa zima limepata. Na kama kamba ya kuanikia nguo ni waya uliofungwa kwenye paa hilo, umeme unashuka hadi uani, kwa mama anayeanika nguo mbichi akiwa amesimama kwenye ardhi yenye unyevu.

Fimbo peke yake haitoshi

Wenye nyumba wanaojua habari za waya wa ardhi mara nyingi huishia hapa: huchimbia fimbo ya chuma kilichopakwa shaba nje ya nyumba, hufunga waya, na kuamini kuwa wamemaliza. Hesabu ndogo inaonyesha kuwa wamefanya nusu ya kazi.

Fimbo ya mita moja na nusu katika udongo mzuri wenye unyevu hutoa ukinzani wa omu 70 hivi. Taa ikivujisha volti 220 kwenda ardhini kupitia fimbo hiyo, umeme unaopita ni ampia 3. Kikata umeme cha kawaida cha ampia 10, kile kinachoitwa disjonkta upande wa Kongo na sakiti breka upande wa Tanzania, hakioni tatizo. Kwa hesabu yake, ampia 3 ni matumizi ya kawaida tu. Hivyo hakikati, na chuma cha taa kinabaki na volti za hatari.

Katika mchanga mkavu hali ni mbaya zaidi. Fimbo hiyohiyo inaweza kuwa na ukinzani wa omu 600 au 700, na umeme unaovuja ni theluthi moja tu ya ampia.

Kinachokamilisha kazi ni kifaa kiitwacho diferansieli. Kazi yake ni kulinganisha umeme unaotoka na umeme unaorudi. Vikiwa sawa, kinatulia. Vikipishana kwa miliampia 30, maana yake kuna umeme unaopotea njia nyingine, labda kupitia chuma cha taa, labda kupitia mwili wa mtu. Hapo kinakata ndani ya theluthi moja ya sekunde au chini ya hapo.

Vitu hivi viwili ni pacha. Fimbo bila diferansieli hupeleka umeme ardhini bila kukata chochote. Diferansieli bila fimbo hukata pia, lakini husubiri mpaka mtu aguse, kwa sababu mtu huyo ndiye anayekuwa njia ya kwenda ardhini. Vikiwa pamoja, umeme hukatwa pale tu waya unapogusa chuma, kabla ya mkono wa mtu kufika. Hata kwenye mchanga wenye omu 700, diferansieli ya miliampia 30 haiachi chuma kikae na zaidi ya volti 21 hivi.

Jenereta ya mtaa ina mtego wake

Maelezo hayo yanahusu umeme ambao chanzo chake kimeunganishwa na ardhi, kama ule wa mjini. Jenereta ndogo nyingi na konvertisa nyingi haziko hivyo. Nyaya zake mbili "zinaelea": hakuna hata mmoja uliofungwa ardhini.

Hilo lina uzuri wake. Mtu akigusa waya mmoja tu, mara nyingi hapigwi kwa nguvu, kwa kuwa umeme hauna njia ya kurudi. Ndiyo maana wapo wanaoapa kuwa umeme wa jenereta "hauumi". Lakini imani hiyo hudumu mpaka hitilafu ya kwanza itokee mahali popote kwenye mtandao huo.

Chukua jenereta moja inayohudumia nyumba sita. Katika nyumba ya kwanza, waya uliochunika unagusa ukuta wenye unyevu. Hakuna anayejua, maana hakuna kilichozimika. Tangu wakati huo, waya ule mmoja umefungwa ardhini kwa bahati mbaya. Katika nyumba ya sita, waya wa pili unagusa mwili wa taa ya kuning'inia. Atakayegusa taa ile sasa anakamilisha njia, na anapigwa na volti zote 220, kwa kosa la nyumba ambayo hata haioni kutoka kwake. Diferansieli iliyofungwa kwenye mfumo unaoelea huenda isiuone upungufu wa kwanza kabisa.

Kwa sababu hiyo, jenereta inayogawia nyumba nyingi inahitaji fundi anayeijua kazi: afuate kitabu cha mashine, aunganishe waya mmoja na ardhi kwenye chanzo mahali pamoja tu, kisha kila nyumba iwe na diferansieli yake. Kwa konvertisa, tahadhari ni kubwa zaidi. Baadhi ya zile za bei nafuu huungua zikiunganishwa na ardhi kwa kubahatisha. Mahali ambapo maelekezo ya kiwanda hayapo, ni salama zaidi kubaki na taa ambazo hazina chuma cha kugusa.

Waya mweusi wa Kongo, waya mweusi wa Tanzania

Biashara ya ziwa huleta jambo jingine. Vifaa na ujuzi huvuka maji, lakini rangi za nyaya hazina maana moja pande zote mbili.

Kwa desturi ya Kifaransa na Kibelgiji inayofuatwa Kongo, waya wa bluu ndio wa kurudishia umeme, na wenye umeme unaweza kuwa wa kahawia, mwekundu au mweusi. Katika nyumba nyingi za zamani Tanzania na Kenya, zilizofuata desturi ya Kiingereza, mwekundu ndio wenye umeme na mweusi ndio wa kurudishia. Fundi aliyejifunzia Kigoma anaweza kuushika waya mweusi wa nyumba ya Fizi akidhani hauna kitu, kumbe ndio wenye umeme.

Rangi moja tu haina ubishi katika vifaa vya sasa vya pande zote: kijani chenye mstari wa njano ni waya wa ardhi. Kosa la hatari ni fundi aliyepungukiwa waya kuutumia huo wa kijani na njano kupeleka umeme kwenye swichi. Fundi atakayemfuata miaka mitano baadaye ataufunga kwenye chuma cha taa, kama rangi inavyomwambia, na ataiweka familia hatarini bila kujua.

Kazi inavyotakiwa kufanyika

Mwenye nyumba hahitaji kuwa fundi ili aone kama taa yake imefungwa vizuri. Yapo mambo ambayo anaweza kuyauliza na kuyaona kwa macho kabla ngazi haijaondolewa.

La kwanza ni uzito. Taa ibebwe na ndoano na mnyororo, si waya wa umeme. Waya ukae umelegea kidogo, usivutwe. Mnyororo nao si waya wa ardhi: pete zake zimegusana tu, zina rangi na kutu katikati, na umeme haupiti humo kwa uhakika. Waya wa kijani na njano lazima ushuke wenyewe hadi kwenye mwili wa taa na kufungwa kwa skrubu iliyo na alama ya ardhi, yaani mstari wa wima unaoishia kwenye mistari mitatu ya mlalo inayopungua. Kama kifuniko cha juu nacho ni cha chuma, nacho kifungwe.

La pili ni matundu. Kila mahali waya unapopita kwenye chuma pawe na kipete cha plastiki au mpira cha kuulinda usichunike.

La tatu ni swichi. Swichi ikate waya wenye umeme, si ule wa kurudishia. Ikikata ule wa kurudishia, taa itazimika lakini kishikio cha balbu kitabaki na umeme. Kwa balbu za kuzungusha, waya wenye umeme uende kwenye kidoti cha katikati, siyo kwenye ukuta wa nje wa kishikio ambao kidole huweza kuugusa.

La nne ni fimbo. Ichimbiwe mahali penye unyevu wa kudumu, na kwenye mchanga ishuke chini zaidi au ziwekwe fimbo mbili zilizoachana. Wapo wanaomwaga chumvi na makaa kuzunguka fimbo. Chumvi husaidia kwa muda, lakini mvua huiosha na fimbo huliwa haraka zaidi. Bomba la maji lisitegemewe, kwa kuwa mabomba mengi ya sasa ni ya plastiki.

La tano ni kupima. Bisbisi yenye kitaa huonyesha kama waya una umeme, lakini haithibitishi kuwa ardhi inafanya kazi. Fundi apime kwa kifaa. Baada ya hapo, mwenye nyumba abonyeze kitufe cha majaribio cha diferansieli mara moja kwa mwezi. Ikibonyezwa na isikate, imekufa na inapaswa kubadilishwa. Kitufe hicho hakipimi fimbo, hivyo kimoja hakichukui nafasi ya kingine.

Kwa mpangaji na kwa mwenye nyumba ya zamani

Si kila mtu anaweza kupasua kuta ili kupitisha waya mpya. Kwa nyumba ya kupanga isiyo na waya wa ardhi, njia salama ni kuchagua taa isiyouhitaji. Kwenye boksi au kibandiko chake huwa na alama ya mraba mdogo ndani ya mraba mkubwa. Maana yake ni kwamba taa ina kinga mbili na haina chuma kinachoweza kupata umeme kirahisi. Taa ya kuning'inia yenye kishikio cha plastiki na kivuli cha kikapu au kitambaa kilicho mbali na balbu inaweza kupendeza kuliko ile ya dhahabu.

Lisilofaa ni kuununulia waya wa ardhi njia ya mkato: kuufunga kwenye msumari ukutani, au kuuunganisha na waya wa kurudishia umeme ndani ya taa. Waya ule wa kurudishia ukikatika siku moja, njia hiyo ya mkato italeta umeme wote kwenye chuma.

Kwa anayejenga sasa, gharama ni ndogo kuliko wakati wowote mwingine. Nchini Ubelgiji, nyumba mpya huzungushiwa waya mzito wa shaba chini ya msingi kabla ya zege kumwagwa. Kwenye eneo ambalo familia nyingi zimelazimika kujenga upya zaidi ya mara moja, kipande cha waya msingini na mkondo wa waya wa tatu ukutani ni kazi ya siku moja. Baada ya lipu na rangi, ni kazi ya kubomoa.

Maji yakiingia, au mtu akipigwa

Aprili 2020 mafuriko yaliipiga Uvira, na katika miaka iliyofuata maji ya Ziwa Tanganyika yalipanda na kuingia kwenye nyumba za pwani. Nyumba iliyoingiwa na maji izimwe umeme kwenye chanzo: jenereta izimwe, konvertisa itenganishwe na betri, na mtu asiyasogelee maji yanayogusa vifaa hivyo. Isiwashwe tena mpaka ikauke na kukaguliwa, hata kama taa za juu hazikuguswa na maji.

Mtu akinaswa na umeme, wa kwanza kufika asimshike. Umeme uzimwe kwanza. Kama haiwezekani, asukumwe kwa mti mkavu, msaidizi akiwa amesimama juu ya kitu kikavu. Kama hapumui, abonyezwe kifua kwa nguvu na kwa kasi bila kuacha huku msaada ukitafutwa. Na hata akiamka akisema yuko mzima, apelekwe kituo cha afya, kwa sababu moyo unaweza kuyumba baadaye.

Umeme utakapofika

Sheria ya umeme ya Kongo ya Juni 17, 2014 ilifungua mlango kwa kampuni binafsi na miradi midogo kuzalisha na kuuza umeme, kazi ambayo awali ilikuwa mikononi mwa SNEL. Maana yake, kijiji chenye betri leo kinaweza kupata nguzo kesho. Siku hiyo, nyumba itakayounganishwa itapokea umeme kupitia nyaya zilezile zilizopo ukutani, na kupeleka umeme huo kwenye taa ileile iliyofungwa kwa nyaya mbili.

Kwa hiyo swali la kumuuliza fundi ni la leo, kabla hajashuka kwenye ngazi: waya wa kijani na njano umefungwa wapi, na ukiufuata hadi mwisho wake, unafika ardhini?